Kilimia kiko mbali kiasi gani? Namna umbali wa nyota na galaksi unavyopimwa

Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapa Dar es Salaam ni nusu ya pili ya msemo huo inayojionyesha. Kuanzia mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamekolea, kile kikundi kidogo cha nyota huzama magharibi karibu pamoja na jua na kupotea kabisa. Juni, mvua zikiwa zimekatika na kusi inavuma, huzuka upande wa mashariki kabla hakujapambazuka. Mkulima na nahodha walitaka kujua kinazuka lini, na hilo walilijua vizuri sana.

Swali la kiko mbali kiasi gani ndilo lililowasumbua wanafalaki hadi juzi. Jibu la leo ni miaka ya nuru 444 hivi. Mwaka 1997 satelaiti iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo ilitoa jibu lililo chini ya 390, na mabishano yakadumu karibu miaka 20. Kilimia hakikusogea. Kilichokosewa ni hesabu ndogo sana ya pembe, na kosa la namna hiyo lina tabia ya kupanda ngazi nzima ya vipimo, ambayo kila kipandio chake kinategemea cha chini yake, hadi kwenye galaksi za mbali.

Kipimo chenyewe

Nuru huenda kilomita 299,792 kwa sekunde. Kutoka mwezini hadi hapa ni sekunde 1.3, kutoka kwenye jua ni dakika 8 na sekunde 19. Mwaka wa nuru ni mwendo wa nuru kwa mwaka mmoja, yaani kilomita trilioni 9.46. Ni urefu. Anayeandika kwamba nyota fulani ililipuka "miaka ya nuru milioni mbili iliyopita" ni kama anayesema alifika kazini kilomita mbili zilizopita. Kosa jingine linalojirudia ni kuandika bilioni badala ya trilioni. Kilomita bilioni 9.46 nuru huzimaliza kwa chini ya saa tisa. Hapo umeipita Pluto kidogo tu.

Ndani ya familia ya jua hutumika kizio astronomia, ambacho ni umbali wa wastani kati ya dunia na jua. Tangu mwaka 2012 kimewekwa kuwa kilomita 149,597,870.7 kamili. Jua halirudishi mwangwi mzuri wa rada, kwa hiyo mwaka 1961 mawimbi ya redio yalipelekwa Zuhura, yakapimwa muda wa kwenda na kurudi. Uwiano wa njia za sayari ulikuwa unajulikana tangu zamani: Zuhura iko kwenye 0.72 ya umbali wetu kutoka kwenye jua. Ukipata kilomita za kipande kimoja, umepata za vipande vyote. Hapo ndipo ngazi inaposimama chini. Kipimo hiki kingekuwa na kosa la asilimia 1, kila nyota na kila galaksi ingekosewa kwa asilimia 1 vilevile.

Chungwa la Sanamu ya Askari

Weka chungwa la upana wa sentimita 7 pale kwenye Sanamu ya Askari, liwe ndilo jua. Dunia inakuwa chembe isiyofika milimita moja, mita saba na nusu kutoka hapo. Mshtarii ni punje ya kunde kwenye mita 39. Neptuni, sayari ya mwisho, iko mita 226, bado uko Barabara ya Samora na hujachoka. Sasa nyota iliyo jirani zaidi na jua, Proxima, iko miaka ya nuru 4.24. Kwa kipimo hicho hicho ni kilomita 2,000 hivi: unaiacha Dar, unaipita Kenya, unamaliza Uhabeshi, na unakaribia Jibuti kabla hujakutana nayo. Katikati hakuna nyota nyingine njiani.

Galaksi ni kinyume chake, na hili huwashangaza wengi. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi na nyota zisizopungua bilioni 100. Sisi tuko miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka katikati yake. Ifanye sinia la pilau la sentimita 50. Galaksi kubwa ya jirani, Andromeda, iliyo miaka ya nuru milioni 2.5, ni sinia jingine mita 12 na nusu kando, ndani ya ukumbi uleule wa harusi. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo inayotuzunguka, ni kisosi kilicho sentimita 80 kutoka katikati ya sinia letu. Kwa hiyo galaksi kugongana ni jambo la kawaida, ila nyota zao hupishana bila kugusana, kwa sababu kila chungwa liko peke yake kwenye nchi nzima.

Somo lote liko ufukweni

Njia ya kupima nyota bila kuifikia inaitwa paralaksi, na unaweza kuifanya Coco Beach kwa jicho moja na kandambili moja.

Tafuta ngalawa iliyotia nanga karibu, ambayo nyuma yake, mbali, kuna meli kubwa inayosubiri kuingia bandarini. Fumba jicho moja, sogea mpaka mlingoti wa ngalawa uizibe meli sawasawa, kisha acha kandambili hapo kama alama. Tembea mita 20 kando, ukiukata mstari wa kutazamia kwa pembe mraba. Ukitazama tena, mlingoti umeachana na meli. Nyoosha mkono wote upime pengo: ngumi ni nyuzi 10 hivi, vidole vitatu vya kati ni nyuzi 5, kidole cha mwisho ni nyuzi 1. Tuseme pengo limekuwa vidole vitatu. Zidisha mita ulizotembea kwa 57.3, gawanya kwa nyuzi: 20 × 57.3 ÷ 5, unapata mita 229.

Ngalawa haiko mita 229. Ile meli ya nyuma nayo imesogea kidogo machoni pako. Kama iko kilomita 5, imehama nyuzi 0.23, na wewe uliihesabu kama iliyosimama. Ukirekebisha, ngalawa iko mita 219. Kosa la pili ni maji: ngalawa huzunguka nanga yake, na ikihama mita 2 wakati unatembea, umekosea kama asilimia 10. La tatu ndilo baya kuliko yote. Kidole chako kinaweza kukosea nusu nyuzi. Kwa ngalawa ya karibu, nusu nyuzi kwenye nyuzi 5 ni asilimia 10. Kwa ngalawa iliyo kilomita moja, pembe nzima ni nyuzi 1.15, na nusu nyuzi hiyo hiyo inakula karibu nusu ya jibu. Kidole hakijabadilika, kilichobadilika ni umbali.

Wanafalaki hufanya hivyo hivyo, isipokuwa badala ya kutembea mita 20 wanaiacha dunia iwabebe. Unapima Januari, unangoja miezi sita upande wa pili wa jua, unapima tena. Umetembea kilomita milioni 300. Nyota za nyuma ndizo meli yako. Nyota yenyewe nayo ina mwendo wake, kama ngalawa kwenye nanga, ndiyo maana hupimwa kwa miaka kadhaa: kuhama kwa paralaksi hurudi palepale kila mwaka, mwendo wa nyota haurudi. Nusu ya mhamo huo ikiwa sekunde moja ya tao, yaani sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi, nyota iko parseki moja, sawa na miaka ya nuru 3.26. Kanuni ni fupi kuliko zote katika fani hii: gawanya 1 kwa paralaksi, umepata parseki.

Sekunde ya tao ni ukucha wa sentimita moja ulioko kilomita 2, yaani kama uko Posta na ukucha uko Kariakoo. Na hakuna nyota hata moja, ukiacha jua, inayofika hapo. Rijili Kantori, ile angavu zaidi kati ya mbili zinazoelekeza Msalaba wa Kusini, ina sekunde 0.75 tu. Thomas Henderson aliipima akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, lakini hakukiamini chombo chake, akakaa na hesabu zake hadi mwaka 1839. Mwaka 1838 Friedrich Bessel alikuwa ameshatangaza umbali wa nyota 61 Cygni, na heshima ya kwanza ikamwendea yeye.

Ukucha ulioko Mombasa

Turudi kwa kilimia. Paralaksi yake ni sekunde 0.0074 za tao. Ni sawa na kusimama Dar ukatazama ukucha wa sentimita moja ulioko Mombasa. Kutoka ardhini, hewa huitikisa nuru ya nyota kiasi cha sekunde nzima ya tao, ndiyo sababu ilibidi kazi hii ihamie angani. Satelaiti ya Hipparcos, iliyorushwa mwaka 1989, ndiyo ile ya jibu la mwaka 1997; ilipima nyota karibu 118,000. Kwa nyota moja moja ilikosea kama elfu moja ya sekunde ya tao, lakini kilimia kina nyota nyingi, na kwa kawaida ukichukua wastani wa nyota nyingi kosa hupungua.

Hupungua endapo makosa yanapingana, hili juu, lile chini. Nyota za kilimia ziko karibukaribu, na makosa ya chombo kwenye kieneo kidogo kama hicho yalielekea upande mmoja. Rula iliyokatika ncha haipati urefu wake kwa kupimia mara hamsini. Jibu la Hipparcos lilipokubaliwa, nyota za kilimia zilionekana hafifu kuliko nyota za aina ileile kwingineko, na watu wakaanza kutafuta sababu za ajabu ndani ya nyota zenyewe. Mwaka 2014 darubini za redio zilizounganishwa kutoka sehemu mbalimbali za dunia zilitoa parseki 136, na satelaiti ya Gaia ikaja kuliunga mkono jibu hilo. Nuru inayokufikia usiku wa leo kutoka pale iliondoka miaka kama 10 kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593.

Gaia yenyewe, iliyorushwa Desemba 2013 na kupima nyota karibu bilioni 2 hadi Januari 2025, nayo haikukosa ugonjwa wa rula iliyokatika ncha. Ilijaribiwa kwa kwazari, mioyo ya galaksi iliyo mbali kiasi kwamba paralaksi yake ni sifuri kwa matumizi yote. Gaia ilizipa wastani wa milisekunde −0.017 za tao (milisekunde ni elfu moja ya sekunde). Kwa kilimia hilo ni vumbi. Kwa nyota iliyo miaka ya nuru 30,000, yenye paralaksi ya milisekunde 0.11, ni zaidi ya asilimia 15. Anayechukua namba za Gaia moja kwa moja kwenye jedwali bila kurekebisha sifuri yake anakosea tangu mwanzo.

Kung'aa si kuwa karibu

Paralaksi ikifika mwisho, kinachobaki ni mwanga. Taa ikienda mbali mara mbili, mwanga wake unaokufikia unakuwa robo. Mara tatu, sehemu moja ya tisa. Ukijua taa ina nguvu gani kwa asili, ung'avu wake unakupa umbali. Shida nzima iko kwenye neno "ukijua".

Tazama Shira na Suheli, nyota mbili zinazong'aa kuliko zote usiku. Januari zote zinaonekana hata kutoka Sinza penye taa nyingi: Shira juu karibu na utosi, Suheli kusini. Suheli inaonekana kama nusu ya Shira, na mtu angeapa ziko jirani. Shira iko miaka ya nuru 8.6, Suheli kama 310, mara 36 zaidi. Mraba wa 36 ni karibu 1,300. Kama zingekuwa taa za nguvu moja, Suheli ingekuwa hafifu mara 1,300 kuliko Shira. Kwa kuwa ni hafifu mara 2 tu, nguvu yake halisi ni zaidi ya mara 600 ya Shira.

Rangi husaidia kutenganisha. Nyota nyekundu ina uso wa baridi, kama nyuzi 3,000 za Selsiasi, ya njano kama jua ni 5,500, ya samawati hupita 10,000. Nyota za kundi moja zimezaliwa pamoja na ziko umbali mmoja, kwa hiyo ukipanga rangi dhidi ya ung'avu unapata mstari. Linganisha mstari huo na wa kundi jingine la mbali, tofauti ya ung'avu inakupa tofauti ya umbali. Na mstari uliotumiwa kwa miongo mingi kama kielelezo ulitoka wapi? Kilimia, pamoja na makundi machache ya jirani. Ndiyo maana ugomvi wa miaka ya nuru 50 kwenye kikundi kimoja uliwatoa watu jasho.

Taa zinazopumua

Kufika kwenye galaksi nyingine kulihitaji nyota zinazojitaja nguvu zao. Ni sefeidi, majitu yanayovimba na kusinyaa kwa mzunguko wa siku 1 hadi 100 hivi. Henrietta Leavitt, akifanya kazi kwenye chuo kikuu cha Harvard, alichapisha mwaka 1912 orodha ya sefeidi 25 za Wingu Dogo la Magellan. Ujanja uko kwenye mahali. Zote ziko kwenye galaksi moja, umbali wao kutoka kwetu ni kama uleule. Ni sawa na kutazama karabai za wavuvi wa dagaa mbali baharini: taa inayong'aa zaidi, kweli ina nguvu zaidi. Leavitt aliona kwamba yenye mzunguko mrefu ndiyo yenye nguvu.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Wanafalaki hupima ung'avu kwa madaraja, namba ikipanda nyota ni hafifu. Tuseme umeona sefeidi yenye mzunguko wa siku 10. Daraja lake halisi, yaani lile ambalo ingekuwa nalo ikiwa parseki 10 kutoka kwetu, ni kama −4. Kwenye picha zako ni 21. Toa: 21 − (−4) ni 25. Ongeza 5, gawanya kwa 5, unapata 6. Umbali ni 10 kwa kipeo cha 6, yaani parseki milioni moja, sawa na miaka ya nuru milioni 3.26.

Sasa makosa. Ukikosea daraja kwa 0.1, umbali unakosea karibu asilimia 5. Vumbi kati ya nyota hufifisha nuru na kuifanya nyekundu, kama jua la magharibi siku ya moshi. Usipolitoa, kila kitu kinaonekana mbali kuliko kilivyo. Hulitoa kwa kupima nyota hiyo hiyo kwa vichujio vya rangi tofauti, na ni afadhali mwanga wa infraredi, ambao vumbi haliuzuii sana. Kisha kuna kosa la kuchanganya aina. Oktoba 1923 Edwin Hubble, kwa darubini ya mita 2.5 ya Mount Wilson, aliikuta sefeidi ndani ya Andromeda. Hesabu yake ilitoa miaka ya nuru 900,000 hivi. Ilitosha kumaliza ubishi kwamba Andromeda ni galaksi ya nje na si wingu la kwetu, lakini umbali ulikuwa mdogo kupita kiasi. Baadaye Walter Baade alionyesha kwamba sefeidi ni za aina mbili, na zile za aina hafifu ziko chini kwa kama daraja moja na nusu kwa mzunguko uleule. Mwaka 1952 alipotangaza hayo, umbali wa galaksi zote uliongezeka maradufu kwa siku moja. Nyota ilijitaja vizuri. Aliyeisoma alitumia jedwali la nyota nyingine.

Zaidi ya miaka ya nuru milioni 100 hivi sefeidi nazo hufifia mno. Hapo huchukua nafasi supanova za aina ya Ia, vibete vyeupe (nyota zilizozeeka na kusinyaa) vinavyolipuka na kufikia daraja halisi la karibu −19.3, na nguvu yake hupimwa kwa zile chache zilizotokea kwenye galaksi ambazo tayari zina sefeidi. Juu kabisa ni kuelekea wekundu kwa nuru ya galaksi zinazotukimbia: galaksi inayokwenda kilomita 7,000 kwa sekunde iko parseki milioni 100 hivi, ukitumia kasi ya kupanuka ya kilomita 70 kwa sekunde kwa kila parseki milioni. Usitumie kanuni hii kwa majirani. Andromeda haitukimbii, inakuja. Na ile 70 yenyewe ina ubishi: ngazi ya sefeidi na supanova inatoa kama 73, mwale wa kale wa mikrowevu, yaani mabaki ya nuru ya mwanzo wa ulimwengu, unatoa kama 67, na pengo hilo ni kubwa kuliko makosa ambayo kila upande unayakiri. Wapo wanaotafuta fizikia mpya. Wapo wanaorudi kukagua vipandio vya chini, na historia ya kilimia inawapa haki ya kufanya hivyo.

Cha kutazama, na lini

Mjini utaona nyota, galaksi hutaziona. Taa na unyevu wa bahari vinazifunika. Nenda kusini ya Kigamboni au Bagamoyo, usiku usio na mwezi, na uyape macho dakika 20 bila kuwasha simu.

Mwanzoni mwa Juni, saa nne usiku, tazama kusini: Rijili Kantori iko nyuzi 36 juu ya upeo, ngumi tatu na nusu. Kuanzia Juni hadi Agosti katikati ya Njia Nyeupe hupita karibu na utosi, na huo ndio msimu wa mbingu safi kuliko yote. Mwishoni mwa Januari, saa tatu na nusu usiku, ipate Suheli kusini, kisha shuka karibu ngumi mbili, ukielemea kulia kidogo. Doa linalofanana na wingu lisilosogea ni Wingu Kubwa la Magellan, miaka ya nuru 160,000.

Andromeda ni ngumu zaidi. Katikati ya Novemba, kati ya saa tatu na saa nne usiku, iko kaskazini, nyuzi 42 juu ya upeo, na mawingu ya vuli hupenda kukaa hapohapo. Chukua binokula ya 10×50, iegemeze kwenye kitu kisichotikisika. Usitafute picha ya rangi. Tafuta ukungu mwembamba mrefu, na usiukodolee macho. Tazama pembeni yake kidogo, utakolea wenyewe.